Donda ndugu mguuni: Pesa zako zaenda wapi?

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walisema rahisi ni ghali. Lakini hawakusema kwamba kila kilicho ghali ni bora, na hapo ndipo jamaa nyingi hupotea njia mmoja wao anapopatwa na kidonda cha mguu kisichosikia dawa.

Hakuna mtaa usiokuwa na mgonjwa wa aina hii. Huenda ni nyanya anayeshinda ameketi mlangoni, mguu umeviringwa kitambaa. Huenda ni bawabu anayekesha wima langoni pa watu, au mama muuza samaki asiyepata nafasi ya kuketi tangu alfajiri hadi jioni. Kidonda kimeoshwa kwa spiriti, kikapakwa marhamu ya kila rangi, kikanyunyiziwa unga wa tembe zilizopasuliwa, kikafungwa na kufunguliwa mara zisizo na idadi. Mwaka unakatika na kidonda kiko pale pale. Jina la donda ndugu kwa kweli linakifaa: ni kama ndugu aliyekuja kukutembelea kwa siku mbili, akakaa, akala, na wala hasemi atarudi kwao lini.

Wakati huo wote pesa zinatoka. Leo ni za shashi, ile ambayo wauguzi huiita gozi, kesho ni nauli ya matatu, kesho kutwa ni dawa mpya ambayo jirani amesikia habari zake. Kwa hivyo, swali la makala haya ni la mfukoni: kati ya vitu vyote vinavyowekwa juu ya kidonda cha mguu, ni kipi kinachostahili shilingi yako?

Swali hilo limechunguzwa kwa makini, hasa Uingereza, ambako serikali hulipia matibabu na hivyo hutaka kujua kila pauni inakwenda wapi. Majibu yaliyopatikana yaliwashangaza hata madaktari, na yana funzo kubwa kwa jamaa inayoishi Nairobi, Mombasa, Kisumu au Nakuru.

CHANZO KIKO NDANI

Kabla ya kuhesabu pesa, yafaa tufahamu kidonda hiki kinatoka wapi. Vidonda vingi sugu vya mguu, hasa vile vinavyotokea upande wa ndani juu kidogo ya kifundo, husababishwa na hitilafu katika vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni.

Damu ya mguuni ina safari ngumu, kwa sababu hulazimika kupanda mlima. Inasaidiwa na vitu viwili. Cha kwanza ni misuli ya shavu la mguu, ambayo hukamua mishipa kila tunapopiga hatua. Cha pili ni milango midogo iliyomo ndani ya vena, ambayo hufunguka kuelekea juu na kujifunga ili damu isirudi chini. Milango hiyo ikilegea, kwa sababu ya umri, uzito wa mwili, uja uzito wa mara nyingi, damu iliyowahi kuganda mguuni, au kazi ya kusimama kutwa, damu hutuama chini kama maji katika mtaro ulioziba.

Mguu huvimba jioni. Ngozi ya karibu na kifundo huwa nyeusi zaidi, hukauka na kuwasha. Kisha siku moja mtu hujigonga kidogo kwenye stuli au kujikuna, na kijeraha ambacho kingepona kwa wiki moja hukataa kufunga.

Msomaji, hapo ndipo penye siri ya makala haya. Kidonda kiko juu ya ngozi, lakini kinachokilisha kiko ndani ya mshipa. Ukiweka dawa juu bila kuondoa ile damu iliyotuama, ni sawa na kupiga deki sakafu huku mfereji ungali unafurika.

Vidonda vingine vina asili tofauti. Vipo vya ugonjwa wa kisukari, ambavyo mara nyingi huwa kwenye wayo na vidole. Vipo vinavyotokana na ateri zilizoziba, ambazo ndizo mishipa ya kuleta damu mguuni. Vipo pia vya selimundu, ule ugonjwa wa chembe za damu zilizopinda kama mundu, ambao hapa nchini huonekana sana katika maeneo ya Nyanza, Magharibi na Pwani. Hivyo vyote tutavirudia.

FEDHA JUU YA FEDHA

Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba kidonda kizuri ni kikavu. Mwaka wa 1962 mtafiti George Winter wa London alionyesha kinyume chake. Aliwajeruhi nguruwe juu juu tu, akayaacha majeraha mengine wazi yakauke na kufanya kigaga, na mengine akayafunika kwa plastiki nyembamba ili yabaki na unyevu. Yaliyofunikwa yaliota ngozi mpya upesi takriban mara mbili.

Ugunduzi huo ulifungua soko kubwa. Viwanda vilianza kutengeneza vifuniko vya kila namna: vya sponji, vya ute unaofanana na jeli, vya nyuzi za mwani wa baharini, na hatimaye vyenye madini ya fedha ambayo huua viini. Kila kimoja kilikuja na sifa zake na bei yake.

Vile vya fedha ndivyo vilivyosifiwa sana. Kiswahili kina neno moja, fedha, kwa pesa na kwa madini hayo, na katika jambo hili maana zote mbili zilikutana mguuni. Watafiti wa Uingereza waliamua kuvipima. Matokeo yao yalitolewa mwaka wa 2009. Wagonjwa 213 waligawanywa kwa kura: wengine walifungwa vifuniko vyenye fedha, wengine vifuniko vya kawaida visivyonata kidondani. Wote walifungwa pia bandeji za kubana mguu.

Baada ya wiki 12, katika kila wagonjwa 100 wa vifuniko vya fedha, karibu 60 walikuwa wamepona. Kwa wale wa vifuniko vya kawaida, walikuwa karibu 57. Tofauti hiyo ni ndogo mno kiasi kwamba huenda ilitokea kwa bahati tu. Lakini gharama haikuwa ya bahati: kila mgonjwa wa fedha aligharimu takriban pauni 98 zaidi. Kwa maneno mengine, pesa zilitoka na kidonda hakikutambua.

Hayo hayakuwa majibu ya mtihani mmoja tu. Mwaka wa 2007 jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi wa majaribio 42 ya vifuniko vya vidonda vya vena. Hapakuonekana ushahidi kwamba aina ya kifuniko kinachowekwa chini ya bandeji ya kubana hubadilisha kasi ya kupona. Mwaka wa 2018 uchambuzi mwingine mkubwa zaidi, wa majaribio 78 yenye wagonjwa zaidi ya 7,000, ulishindwa pia kumtaja mshindi.

ASALI NA MABUU

Kuna watakaosema, basi turudi kwa vitu vya asili. Asali imetumika kutibu vidonda tangu enzi za kale, na ni kweli kwamba huzuia viini vingi kukua. Lakini je, hufunga donda ndugu upesi?

Huko New Zealand, nchi inayojivunia asali yake iitwayo manuka, wagonjwa 368 wenye vidonda vya vena walishirikishwa katika jaribio lililochapishwa mwaka wa 2008. Nusu yao walifungwa vifuniko vyenye asali hiyo na nusu wakapata matunzo ya kawaida. Wote walikuwa na bandeji za kubana. Baada ya wiki 12, karibu 56 katika kila 100 wa asali walikuwa wamepona, na karibu 50 wa matunzo ya kawaida. Kwa hesabu za kitaalamu tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha chochote. Isitoshe, waliotumia asali walipata matatizo zaidi, hasa maumivu, na huenda matibabu yao yaligharimu zaidi.

Kumbuka pia kwamba asali hiyo ilitayarishwa maalumu na kutakaswa kwa ajili ya hospitali. Asali ya chupa iliyo kabatini jikoni haikupitia njia hiyo.

Jaribio jingine huenda likakusisimua mwili. Madaktari wa Uingereza waliweka mabuu ya inzi, waliofugwa katika maabara safi, juu ya vidonda ili wale nyama iliyokufa. Wagonjwa 267 walihusika na matokeo yakatolewa mwaka wa 2009. Mabuu walifanya kazi yao: walisafisha vidonda upesi kuliko dawa ya jeli. Hata hivyo, vidonda havikufunga mapema kwa tofauti yoyote ya maana, maumivu yaliongezeka, na gharama haikupungua.

Kwa hiyo kutoka kwa fedha, kwa asali na kwa mabuu, hadithi ni ile ile. Kinachowekwa juu ya kidonda cha vena si kinachokifunga.

KINACHOFUNGA NI KUBANA

Je, basi ni nini? Jibu ni kitu kisicho na mbwembwe: bandeji inayobana mguu kutoka vidoleni hadi chini ya goti, iliyofungwa na mtu aliyefunzwa.

Bandeji hiyo hubana zaidi kwenye kifundo na kulegea kidogo kidogo kuelekea juu. Mara nyingi shabaha ni mbano wa milimita 40 za zebaki pale kifundoni. Mbano huo hupunguza uvimbe, husukuma ile damu iliyotuama, na kuisaidia misuli ya shavu la mguu kila mgonjwa anapotembea. Uchambuzi wa majaribio mengi umeonyesha kwamba vidonda vya vena vinavyobanwa hupona zaidi kuliko visivyobanwa.

Hospitali ya Charing Cross mjini London ilisifika katika miaka ya 1980 kwa kubuni mfungo wa tabaka nne: kwanza pamba laini ya kulinda mifupa, kisha bandeji ya krepu, halafu bandeji ya mpira inayovutika, na mwisho inayojishika yenyewe. Mfungo huu huweza kukaa wiki nzima bila kufunguliwa.

Mwaka wa 2004 mfungo huo ulilinganishwa na bandeji nyingine isiyovutika sana. Wagonjwa walikuwa 387. Nusu ya wale wa tabaka nne walikuwa wamepona kufikia siku ya 92. Wale wengine walifikia nusu siku ya 126. Ajabu ni kwamba tabaka nne, ambazo kwa macho zaonekana ghali kwa wingi wa vitambaa, ziliokoa takriban pauni 227 kwa kila mgonjwa kwa mwaka. Sababu? Wagonjwa walimhitaji muuguzi mara chache zaidi. Saa za muuguzi na safari za mgonjwa ndizo zinazokula pesa. Kitambaa ni sehemu ndogo tu.

Tena, mwaka wa 2014, watafiti walipima soksi za kubana za tabaka mbili dhidi ya bandeji za tabaka nne kwa wagonjwa 457. Siku za kupona zilikuwa sawa, 99 kwa 98. Lakini soksi zilikuwa nafuu zaidi kwa jumla, na katika waliopona, waliorudiwa na kidonda walikuwa 14 kwa kila 100 upande wa soksi, na 23 upande wa bandeji. Ila soksi si za kila mtu: zaidi ya theluthi moja ya waliopewa walilazimika kubadilishiwa matibabu.

Kuna na hatua ya mbele zaidi. Jaribio la mwaka wa 2018 lenye wagonjwa 450 lilionyesha kwamba kuziba mapema vena iliyoharibika, kwa njia ndogo isiyohitaji upasuaji mkubwa, pamoja na kubana mguu, kulipunguza muda wa kupona kutoka siku 82 hadi 56. Kwa hivyo mwenye mishipa iliyovimba na kujikunja kama kamba asisite kuomba rufani kwa daktari wa upasuaji wa mishipa.

TUPIGE HESABU YA NYUMBANI

Sasa tuyalete haya kwenye daftari la matumizi. Bei zifuatazo ni za mfano tu. Msomaji aweke zake. Tuchukue nyumba tatu zenye mgonjwa mmoja mmoja. Kila safari ya kliniki inagharimu nauli Sh200, ada ya kusafishwa Sh200, na Sh500 ambazo mgonjwa hakuzipata kwa sababu hakufika kazini. Jumla ni Sh900 kabla ya kununua chochote.

Nyumba ya kwanza hutumia shashi ya Sh150, mara tatu kwa wiki, bila kubana mguu. Kila safari inakuwa Sh1,050, na wiki moja Sh3,150. Tuseme kidonda kinachukua wiki 40. Zimetoka Sh126,000.

Nyumba ya pili imeshawishiwa kununua kifuniko chenye fedha cha Sh1,500, mara mbili kwa wiki, pia bila kubana. Kila safari ni Sh2,400, na wiki ni Sh4,800. Kwa wiki zile zile 40, zimetoka Sh192,000.

Nyumba ya tatu hutumia kifuniko cha kawaida kisichonata, juu yake bandeji za tabaka nne, vyote pamoja Sh2,500. Lakini safari ni moja tu kwa wiki, na wiki hiyo hugharimu Sh3,400. Kidonda kikifunga kwa wiki 16, yaani siku 112, ambazo ziko kati ya zile 92 na 126 za jaribio, zimetoka Sh54,400.

Tazama vizuri. Mwenye shashi ya Sh150 alidhani anabana matumizi, naye ametumia zaidi ya mara mbili ya yule wa tatu. Hata kama kidonda cha nyumba ya tatu kingekuwa kikaidi na kuchukua wiki 37, bado wasingemzidi yule wa shashi. Na wa pili, aliyenunua kilicho ghali akidhani ndicho bora, ndiye aliyeumia kuliko wote.

Kwa hiyo bei ya kifuniko si bei ya matibabu. Bei ya matibabu ni yale unayolipa kila wiki, mara idadi ya wiki hadi ngozi ifunge. Uingereza wenyewe wameliona hilo kwa ukubwa wa taifa: katika mwaka wa 2017/18 matunzo ya vidonda vya kila aina yaligharimu huduma yao ya afya pauni bilioni 8.3, na katika hizo, bilioni 5.6 zilikwenda kwa vidonda ambavyo havikupona. Kidonda kisichopona ndicho mla pesa.

Hii haina maana kwamba kila kifuniko cha bei ni ulaghai. Kidonda kinachotoa maji mengi huhitaji kifuniko cha sponji kinachonyonya, maana bila hicho bandeji italowa kwa siku mbili na safari za kliniki zitaongezeka. Kilichoambukizwa huweza kuhitaji dawa ya kuua viini kwa muda mfupi. Muhimu ni kuuliza kwamba kitu hicho cha bei kitapunguza nini: safari, maumivu, au siku? Kama hakipunguzi lolote kati ya hayo, kiache dukani.

ONYO: USIJIFUNGE MWENYEWE

Kabla hujakimbilia bandeji ya mpira, soma sehemu hii mara mbili. Mguu ambao ateri zake zimeziba haupaswi kubanwa. Damu inayoufikia ni haba tayari. Ukiukaza, waweza kuua nyama na hata kusababisha mguu kukatwa.

Ndiyo sababu kila mgonjwa hupimwa kwanza. Muuguzi au daktari hulinganisha presha ya damu kifundoni na ile ya mkononi kwa chombo kidogo cha kusikiliza mshipa. Presha ya kifundo ikigawanywa kwa ya mkono ikatoa 0.8 au zaidi, kwa kawaida mguu waweza kubanwa kikamilifu. Ikiwa chini ya hapo, mambo hubadilika, na ikishuka chini ya 0.5 mgonjwa huhitaji daktari wa mishipa kwa haraka. Kwa mwenye kisukari kipimo hiki huweza kudanganya kwa kuwa ateri zake huenda zimekakamaa, kwa hivyo ahitaji uangalifu zaidi.

Dalili za ateri mbovu ni kama vile maumivu ya shavu la mguu unapotembea ambayo hutulia ukisimama, wayo baridi, na maumivu ya usiku yanayomfanya mtu auning'inize mguu kando ya kitanda.

Mwenye kidonda cha kisukari kwenye wayo naye ana chanzo chake. Adui yake mkubwa ni uzito unaogandamiza mahali pasipo na hisia. Hapo kinachostahili pesa ni kuondoa ule mgandamizo, kwa kiatu maalumu au plasta ngumu inayofungwa na mtaalamu, pamoja na kudhibiti sukari. Mwenye selimundu atahitaji ugonjwa wenyewe kutibiwa na daktari wa damu. Kanuni ni ile ile kwa wote: tafuta chanzo kwanza, kifuniko baadaye.

Aidha, kidonda kilichokaa muda mrefu ambacho kinaanza kuota nyama ya ajabu kingoni, kutoa damu ovyo au kubadilika sura, lazima kikatwe kipande na kupimwa. Baadhi ya vidonda vya miaka mingi hugeuka saratani.

YASIYOGHARIMU KITU

Yapo mambo ambayo hayahitaji pesa nyingi, na mengine hayahitaji hata senti.

Maji safi ya kunywa yanatosha kuosha kidonda sugu. Utafiti haujaonyesha kwamba maji safi ya mfereji huleta maambukizo zaidi kuliko maji ya chumvi ya hospitali. Kama huyaamini maji ya mtaani kwenu, yachemshe na kuyaacha yapoe. Spiriti na dawa kali za kuua viini huunguza ngozi changa inayojaribu kuota.

Usinyunyize unga wa tembe za antibayotiki kidondani. Haufungi kidonda, hukausha na kuwasha ngozi, na hufunza viini ukaidi. Antibayotiki ni za wakati kidonda kimeambukizwa kweli: wekundu au weusi unaotambaa, joto, usaha, maumivu yanayozidi, au homa. Hapo usikawie; nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Unapoketi au kulala, inua mguu juu ya mito hadi upite kimo cha moyo. Unaposimama kazini, usigande kama mlingoti. Nyanyua visigino na kuvishusha, piga hatua chache, zungusha vifundo. Paka ngozi inayozunguka kidonda mafuta yasiyo na manukato. Acha sigara, kwa kuwa hubana mishipa. Na sahani iwe na vyakula vya kujenga mwili, kama maharagwe, ndengu, mayai au omena, kwa maana ngozi mpya haijengwi kwa ugali na chai ya rangi pekee.

Kidonda kikishafunga, kazi haijaisha. Milango ya vena ingali mibovu, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Madaktari hushauri kuendelea kuvaa soksi za kubana kila siku, kuzivaa asubuhi kabla mguu haujavimba na kuzivua usiku, na kuzibadilisha zinapolegea. Jozi ya soksi ni pesa, lakini ni kidogo ukikumbuka zile hesabu za wiki 40.

MASWALI YA KWENDA NAYO KLINIKI

Wagonjwa wengi huketi kimya mbele ya muuguzi, wakafungwa, wakaondoka. Msomaji, una haki ya kuuliza. Andika maswali haya kwenye karatasi umpe anayempeleka mgonjwa:

Kidonda hiki chanzo chake ni nini: vena, ateri, kisukari au kingine?

Je, presha ya kifundo imepimwa, na ilitoa ngapi?

Kama ni cha vena, mbona mguu haubanwi, na ni kituo gani cha karibu chenye mtu aliyefunzwa kufunga bandeji hizo?

Kifuniko hiki kitakaa siku ngapi kabla ya kubadilishwa, na kipo cha bei nafuu kinachofanya kazi hiyo hiyo?

Kidonda kina urefu na upana gani leo? Mwezi ujao kipimwe tena. Kisipopungua, matibabu yabadilishwe, si kuongezwa bei.

La mwisho linahusu malipo. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF. Jiandikishe, kisha uliza katika kituo chako ni nini kinacholipiwa na ni nini utakachokinunua mwenyewe, ili jamaa ijipange kabla ya matibabu kuanza wala yasikatikie njiani.

Mtu mwenye donda ndugu huona haya. Hulificha ndani ya suruali ndefu au chini ya leso, hukwepa kuketi karibu na watu kwa kuogopa harufu, na polepole huacha kwenda harusini, kanisani au msikitini. Lakini mficha maradhi, kilio kitamfichua. Mtoe ndani, mpeleke akapimwe, na zile pesa mlizokuwa mkizitawanya katika marhamu na unga wa tembe, zikusanyeni ziende kwenye kitu kinachojulikana kufanya kazi.